Mji Usio na Basi Jumapili

Waliokuwepo siku hiyo ni hawa: mimi, mkubwa wa nyumba, mke wangu, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, ambaye ni afisa wa serikali, na kanzu yake iliyopigwa pasi mpaka ikasimama kama bati, mdogo wetu wa mwisho, wa kike, ambaye ni muuguzi, shangazi yetu, dada wa marehemu baba, mwenye miaka themanini na zaidi na meno yake yote, jirani yetu mwenye tanuri, ambaye namtaja kuwa alikuwepo ingawa alipohitajika hakuwepo, na mgeni wetu, bibi wa Kiingereza wa miaka sabini na tisa, aliyeshuka melini Matrah, hapa kwetu Oman, asubuhi ile na kutakiwa kurudi humo saa tisa na nusu alasiri. Watoto siwahesabu. Siku ya Idi watoto hawahesabiki.

Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja alidai kwamba hakuwepo lilipoamuliwa lile lililoamuliwa. Walikuwepo. Lakini aliyeamua ni mimi.

Bibi huyu anatoka katika mji mmoja wa Uingereza ambao jina lake siliandiki hapa, kwa kuwa haustahili mtu kuvaa miwani akautafute kwenye ramani. Mdogo wangu wa kiume huuita mji wa kihistoria. Alikaa huko siku mbili, akarudi na picha, akaitia fremu, akaitundika sebuleni kwake Sib juu ya chetezo: uwanja, mnara wa jiwe katikati, nyumba za mbao zilizolalia upande kama walevi. Kila mgeni akiingia lazima aoneshwe. "Soko hili," husema, "lina miaka mia nyingi. Wenzetu wanajua kutunza historia."

Mimi humjibu neno moja tu, naye hulichukia: "Historia haibebi abiria."

Nasema hivyo kwa kuwa nimekuwa dereva tangu sijaota ndevu vizuri. Baba alikufa barabarani nikiwa na miaka kumi na mitano, na mama akamfuata mwaka haujaisha. Niliacha shule darasa la tisa. Nilianza kwa kuosha magari, kisha nikaendesha gari la mtu, kisha teksi yangu mwenyewe, kati ya Sib na Matrah, miaka thelathini na kitu. Huyu wa mwisho alikuwa hajaanza kutembea mama alipokufa. Mama aliniambia kitandani: "Huyu asije akaacha kusoma kama wewe." Nikamwambia hataacha. Mengine yote niliyofanya maishani nimeyafanya kwa sababu ya jibu hilo.

Alisoma. Akawa muuguzi, na miaka kumi na tano iliyopita serikali ikampeleka Uingereza kuongeza masomo. Chuo kilikuwa katika mji mkubwa, lakini huko vyumba vilikuwa adimu, kwa hiyo akapanga chumba katika mji huu wa soko, maili tisa mbali. Maili tisa! Mimi maili tisa nazimaliza kabla abiria hajafunga mkanda. Lakini kule maili tisa ni safari. Basi ni moja kwa saa. Likikupita, limekupita, na dereva anakuona unakimbia na mkoba wako, naye anaangalia mbele kama ng'ombe. La mwisho la jioni huondoka saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, jua la kiangazi bado liko juu, na baada ya hapo mji mzima ni kama umefungiwa kwa komeo.

Uwanja wa soko lao umetandikwa mawe ya mviringo, kila moja kama kichwa cha mtoto. Hairuhusiwi kuyang'oa, kwa kuwa ni ya kihistoria. Wakati wa baridi yakishika barafu, mtu hutembea juu yake kama anayetembea juu ya sabuni. Mdogo wangu aliteleza hapo asubuhi moja akilikimbilia basi, akavunjika kifundo cha mguu. Zilikuwa zimebaki wiki saba kabla ya mitihani ya mwisho. Akiikosa, anarudishwa nyumbani mikono mitupu.

Aliyemwokoa ni mwenye nyumba, mjane, ndiye huyu bibi. Alimpeleka chuoni kila asubuhi na kumrudisha kila jioni, wiki saba, katika kigari ambacho mimi nisingekitia hata mbuzi wawili. Hakuombwa. Mdogo wangu aliposimama mlangoni na magongo yake siku ya kwanza kulisubiri lile basi lao, bibi alishuka ngazi na ufunguo mkononi akamwambia, "Ingia, tusichelewe."

Nilipopata habari ya mguu nilikwenda. Siku kumi, mwezi wa Februari. Ndege ilinifikisha London vizuri. Ndege haina ubaya. Ubaya ulianza na treni. Ya kwanza ilikuja. Ya pili ilikuwa imeandikwa kwenye ubao, kisha ikafutwa mbele ya macho yangu, na watu wazima mia mbili wakatazama ubao ule bila hata mmoja kutukana. Nikasubiri nyingine. Na kituo nilichoshukia hakimo mjini. Kimo shambani, kondoo upande huu, kondoo upande ule. Mji wenyewe uko maili saba kutoka hapo.

Nikashangaa: mji wenye soko la miaka mia nyingi, treni haifiki? Kumbe ilikuwa ikifika. Walikuwa na reli na kituo chao katikati ya mji, wakaing'oa reli, na kile kituo wakakifanya mkahawa wa chai na keki. Ndani ukutani wametundika picha za treni. Watu huketi chini ya picha wakanywa chai, wakasikitika kwamba hakuna treni. Sijawahi kuona ujinga uliopakwa rangi vizuri namna ile.

Nilipotoka kituoni, huko shambani, mvua inanyesha ya chini chini isiyo na adabu, bibi alikuwa ndani ya kigari na mdogo wangu nyuma, mguu umenyooshwa. Walikuwa wamenisubiri saa mbili. Bibi alikuwa na chupa ya chai. Akanimiminia kikombe kabla hajaniambia jina lake.

Sasa fikirini. Mimi, dereva, mkubwa wa nyumba, napokewa na mwanamke mwenye umri wa mama yangu, na nakaa kwenye kiti cha abiria, magoti yamegusa kidevu. Aliendesha mikono miwili kwenye usukani, polepole, akasimama kuwapisha bata. Bata!

"Kaka, sema asante," akaninong'oneza mdogo wangu.

"Nshasema."

"Hukusema. Umeguna."

Kiingereza changu ni cha teksi: wapi, kulia, kushoto, subiri hapa. Hakina neno la kumwambia mtu aliyekubebea mtoto wako wiki nzima, na bado wiki sita.

Jumatano akanitembeza sokoni, kwa kuwa ndiyo siku ya soko. Nilijitayarisha. Mtu akiniambia soko, nafikiri soko la Sib: nguru wamelazwa kama magogo, watu wanapigiana kelele, na siku za kabla ya Idi, kwenye ile habta yetu, soko la wazi la Idi, mbuzi wanazungushwa kwa kamba na wazee wanawabinya mbavu, na watoto wanalilia vijambia vya kuchezea. Kule niliona meza sita. Jibini. Brashi. Soksi. Maua yenye baridi. Mtu mmoja anauza asali na hamwiti mtu. Amesimama tu, kama aliyefiwa. Bibi akanieleza, na mdogo wangu akatafsiri, kwamba mfalme mmoja wa zamani sana aliwapa waraka wa kuruhusu soko hilo lifanyike Jumatano.

"Mwambie," nikasema, "Sib hatujamwomba mtu ruhusa ya kuuza samaki."

"Siwezi kumwambia hivyo, kaka."

"Basi mwambie soko zuri."

Akamwambia. Bibi akafurahi, akaninunulia soksi.

Jumapili nilitaka kwenda mji mkubwa kutafuta nyama ya halali, maana nilikuwa nimekula mayai mpaka naogopa kuwika. Nikasimama kituoni saa nzima, kofia ya Kiomani kichwani na koti la kuazima, sioni gari wala mtu. Kwenye nguzo kulikuwa na karatasi ndani ya kioo, maandishi madogo kama ya dawa. Sikuyasoma. Kwetu mtu akisimama penye nguzo, hata kama basi limekufa, watakuja madereva kumi wamgombanie. Alikuja mmoja: bibi, akitoka kanisani. Akasimamisha kigari, akafungua mlango, akanionesha kidole kwenye ile karatasi. Jumapili hakuna basi. Kisha akanipeleka, maili tisa, kununua nyama ya mbuzi kwa Mpakistani, na akaningoja nje.

Ndiyo hayo. Mji wenye mnara wa jiwe na waraka wa mfalme ulikuwa unabebwa na mwanamke mmoja mwenye gari bovu. Mdogo wangu alifanya mitihani, akafaulu, na leo anasimamia wauguzi wengine. Na mimi nilirudi nyumbani na soksi, na deni ambalo sikulipata pa kulilipia miaka kumi na tano.

Basi mwaka huu ikaja habari kwamba bibi anasafiri kwa meli ya watalii, na meli itatia nanga Matrah. Watashuka saa tatu asubuhi. Saa tisa na nusu wote wawe wamerudi. Saa kumi meli inaondoka. Siku yenyewe: Idi tatu.

Tulikaa kwangu kupanga. Mdogo wangu wa mwisho alikuja na mpango ulioandikwa kwenye simu, kama mtu aliyejifunza mambo hayo kule kule.

"Tumpokee bandarini, tumpitishe sokoni Matrah, tukale samaki pale juu ya soko, kisha tumkalishe ufukweni apumzike. Hana haja ya kupanda gari hata kidogo."

"Mgeni wangu ale mkahawani?" nikauliza. "Mimi nna nyumba au sina?"

"Unayo, kaka, lakini iko Sib."

"Sib ni dakika arubaini."

"Njia ikiwa tupu. Siku ya Idi?"

"Nani dereva hapa?"

Mdogo wangu wa kiume akakohoa, akatengeneza kilemba. "Mimi naona," akasema, "tungewasiliana na ofisi ya utalii, tukaandaa barua..."

"We nyamaza," shangazi akamwambia. "Barua ataila?" Kisha akanigeukia. "Mwache ale kwako, baba. Mtu aliyembebea mtoto wetu halishwi mezani kwa watu."

Ikawa hivyo. Na atakula nini? Shuwa, bila shaka. Hakuna chakula kikubwa kuliko hicho kwetu: nyama inapakwa viungo, inafungwa ndani ya majani ya migomba, inatiwa kwenye gunia lililoloweshwa, inashushwa kwenye tanuri la shimoni juu ya makaa, linafunikwa kwa bati na udongo, na linaachwa siku nzima au zaidi. Tanuri la mtaani kwetu ni la jirani, na nyumba saba tunalitumia pamoja; kila nyumba hufunga gunia lake kwa waya na alama yake. Halifunguliwi na mtu mmoja mmoja. Hufunguliwa mara moja, mwenyewe akiwepo, na mtu wa kila nyumba akiwepo, maana likiingia hewa kabla ya wakati, nyama ya nyumba saba imeharibika.

Nilimwendea jirani. Nikamwambia nna mgeni, anataka kuwahi meli. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mgeni wako mgeni wangu. Saa saba kamili tunafungua. Inshallah."

Na ili nisikose, usiku wa kushusha magunia nilikuwa wa kwanza. Jirani zangu walikuwa bado wanafunga waya, mimi langu lilikuwa limeshazama. Nikarudi nyumbani nimeridhika. Nikamwambia mke wangu: "Letu limetangulia."

Asubuhi ya Idi tatu tulikuwa bandarini saa mbili na nusu, mimi na mdogo wangu. Ile meli ilikuwa imesimama mbele ya Matrah kama jengo la wizara lililopotea njia, ikaufunika mlima. Watu walikuwa wanatoka kwa mamia, kofia na kaptula, na madereva wenzangu wa zamani wanawarukia. Bibi alitoka peke yake, na fimbo na mfuko wa kitambaa. Amekuwa mdogo. Nilimkumbuka mrefu.

Hakumsalimia mdogo wangu kwanza. Alimtazama mguu. Akauonesha kwa fimbo, akauliza neno moja, na mdogo wangu akaruka juu mara mbili pale pale mbele ya walinzi, mwanamke wa miaka arubaini na moja, kumwonesha kwamba umepona. Kisha ndipo wakakumbatiana na kulia.

Nilimfungulia mlango wa nyuma wa gari langu, gari kubwa, limeoshwa, lina ubaridi, nikamwona ananyoosha miguu. Nikasema moyoni: safari ya kwanza hii.

Njiani aliuliza kitu. "Anauliza kama kuna basi la kwenda Sib," mdogo wangu akatafsiri, na nikamwona kwenye kioo anajizuia kucheka.

"Mwambie lipo. Mwambie hata Jumapili."

Bibi alipoambiwa akacheka mpaka akafuta macho. Akasema kwao hali imezidi: sasa basi ni kila baada ya saa mbili, na wanazungumza kuliondoa kabisa. Wamejenga barabara kubwa ya kuuzunguka mji ili magari yasipite uwanjani yakatikisa majumba. Kwa hiyo sasa hakuna anayepita. Nilitaka kusema, mmefanya vizuri, hakuna cha kuona humo. Nikakanyaga mafuta.

Tulifika saa tano. Shangazi alikuwa mlangoni na chetezo, akamfukiza udi mpaka bibi akapiga chafya. Kahawa ikaja, na halwa. Mke wangu alikuwa ameamka alfajiri kupika: sambusa, vitumbua, mkate wa kumimina, kababu. Akaanza kuzitandaza sahani. Na mimi, mimi mwenye akili, nikamwita pembeni.

"Punguza."

"Nipunguze nini?"

"Akijaza tumbo sambusa, shuwa atailia wapi? Muachie tende mbili na kikombe cha kahawa."

"Mtu ametoka safari," akasema.

"Saa saba hiyo inakuja."

Akazirudisha jikoni sahani moja moja. Niliona macho ya bibi yanazifuata kababu mpaka mlangoni, lakini ni mtu mwenye adabu.

Saa saba tukaenda tanurini, ambalo liko nyuma ya nyumba ya jirani, hatua hamsini. Bibi akawekewa kiti kivulini. Watu wa nyumba sita walikuwepo. Wa saba, mwenye tanuri, hayupo. Amekwenda Barka kumpa mkono wa Idi mkwe wake.

Nikampigia. "Niko njiani," akasema.

Shangazi, aliyekuwa ameletewa kiti chake kando ya bibi, akasikia. "'Niko njiani' hiyo naijua. Marehemu mume wangu alikuwa njiani siku ya harusi yetu, kumbe anaoga."

Saa saba na nusu. Nikapiga tena: njiani. Mdogo wangu wa kiume akatumia nafasi hiyo kumsimulia bibi, kwa Kiingereza chake cha ofisini, historia ya mji wake bibi mwenyewe. Akamwonesha ile picha yake kwenye simu. Bibi akaitazama sana, akagusa kioo kwa kidole, akasema kitu. Mdogo wangu wa kiume akaitia simu mfukoni.

"Kasema nini?" nikauliza.

"Kasema ile nyumba ya kona, yenye mlango wa kijani, alizaliwa humo. Wameiuza. Sasa ni duka la mishumaa."

Saa nane. "Tufungue wenyewe," nikasema. Wazee wa nyumba sita wakanitazama kama niliyesema tuvunje msikiti. Na walikuwa na haki. Ningekuwa mimi ndiye mwenye tanuri, mtu akalifungua nisipokuwepo, nisingemsemesha mwaka mzima.

"Kaka," mdogo wangu wa mwisho akasema polepole, "tuondoke."

"Dakika kumi."

"Hizi ni dakika kumi za tatu."

"Meli gani itamwacha bibi mzima bandarini? Watamngoja."

"Hawatamngoja. Na yeye hatakubali kungojwa. Huyu akiambiwa saa tisa na nusu, saa tisa na robo yupo."

Saa nane na dakika kumi jirani akafika, anatoa pole nyingi, ana harufu ya biriani ya mkwe wake. Udongo ukaondolewa. Bati likainuliwa. Moshi ukatoka na ile harufu ambayo mtu akiisikia husamehe maadui, na bibi akainuka kwenye kiti, akasogea, mikono kifuani kama msichana. Wakashusha ndoana. Gunia la kwanza likatoka: waya wenye kipande cha bati jekundu. La jirani. La pili: fundo mbili. La nyumba ya mwalimu. La tatu. La nne.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi niliyepakia mizigo ya watu kwenye buti miaka thelathini, mimi niliyewagombeza wasafiri wa uwanja wa ndege, "Wa kushuka mwanzo atie mwisho, bwana!" Gunia langu lilitangulia kuingia. Lilikuwa chini ya yote.

Na magunia hayavutwi kwa pupa. Gunia li moto, limelainika, likipasuka nyama inamwagika majivuni. La tano likakwama. Jirani akapendekeza tungoje lipoe.

Mdogo wangu wa mwisho hakungoja tena. Alimshika bibi mkono, akatembea naye hadi kwenye gari, akamfungulia mlango, akakaa kando yake. Alifunga hata mkanda wake mwenyewe kwa sauti, ili nisikie. Shangazi aliniambia, "Nenda, baba. Umeshachelewa kuchelewa."

Angalau mtu wa nyumba nyingine angempa kipande? Walimpa. Mwalimu alikimbia na pande la nyama kwenye sahani, moto unatoka. Na mimi nikasema hapana, mgeni wangu hataonja shuwa ya mtu mwingine kabla ya yangu. Nilisema hivyo. Watu wote niliowataja mwanzo walinisikia.

Barabara ilikuwa imejaa. Nusu ya Oman ilikuwa inakwenda Matrah kutembea ufukweni. Nilipita njia ninazozijua na nyingine ambazo si njia. Ubaridi wa gari ulikuwa mkali. Nilikuwa sijala tangu alfajiri, nikijitunzia nafasi. Tumbo likanguruma, likasikika mpaka nyuma kama gia mbovu.

Nyuma nikasikia karatasi inafunguliwa. Tuliposimama kwenye taa, mkono mwembamba wenye madoa ukapita kati ya viti. Nusu ya mkate wa jibini, umefungwa kwenye kitambaa cha mezani cha meli. Alikuwa ameuchukua kwenye chai ya asubuhi, kwa tahadhari, kama watu wa kwao wanavyofanya kila wanaposafiri. Na nusu nyingine walishaigawana yeye na mdogo wangu.

Nilitaka kukataa. Taa ikawa kijani, gari za nyuma zikapiga honi, na kukataa kunahitaji maneno ambayo sina. Nikala. Mkate mkavu, jibini lisilo na ladha ya chochote, lile lile la soko la meza sita. Nikaumaliza.

Tulifika bandarini saa tisa na dakika ishirini na tisa. Mlinzi alikuwa anaanza kufunga kamba. Bibi akatoa kwenye mfuko wake kitu cha bapa kilichofungwa, akanipa kwa mikono miwili, jinsi alivyomwona shangazi akifanya. Kisha akasema sentensi ndefu, akinitazama mimi na si mdogo wangu, na akaenda na fimbo yake, haraka kuliko nilivyodhani anaweza.

"Kasema nini?"

Mdogo wangu alikuwa analia tena, na hasira juu. "Kasema hajawahi kupelekwa mahali na mtu tangu mumewe afe. Siku zote yeye ndiye anayeendesha. Kasema amefurahi kukaa nyuma."

Ndani ya kile kifurushi kulikuwa na kitambaa cha jikoni chenye picha ya mnara wa soko lao, iliyochapwa kwa buluu. Zawadi. Nyingine tena, juu ya mengine.

Gunia letu lilitoka tukiwa njiani tunarudi. Tulikula shuwa usiku, na kila mtu alisema ni laini, na hakuna aliyeomba kuongezewa. Mke wangu alitenga fungu la bibi kabla hajamgawia mtu yeyote, akalifunga, akalitia kwenye friza. Bado limo. Ukifungua kuchukua samaki unalikuta.

Sasa hebu nihesabu. Upande wake: wiki saba, kwenda na kurudi. Saa mbili kwenye mvua. Jumapili ya nyama. Soksi, kitambaa, na nusu ya mkate. Upande wangu: safari moja ya Sib, kwenda na kurudi, na tumbo tupu.

Mdogo wangu anasema bibi hatasafiri tena. Daktari alimruhusu meli hiyo kwa shingo upande. Kwa hiyo aliyebaki wa kusafiri ni mimi, kwenda kwenye mji ule ninaoudharau, nishuke kwenye kituo kile cha kondoo. Wiki iliyopita nilimwuliza mdogo wangu ratiba ya basi la huko, anitafutie kwenye simu. Akatafuta kwa muda mrefu. Akaniambia wameshaliondoa.

Nikamwambia, kama ni hivyo, anitafutie habari za kukodi gari. Nitamchukua mlangoni kwake, nimpeleke popote atakapo, akae nyuma. Mdogo wangu hajatafuta. Anasema kwanza nijifunze kusema asante.